Kipindi cha 9: Jinsi Tulivyojifunza Kuhesabu Pumzi za Mtoto

Karibu tena katika mazungumzo yetu ya afya ya mtoto. Na wewe unayeyasoma mazungumzo haya kijitabuni, pengine mkiwa mmekaa na wenzako katika kikundi, karibu pia. Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii.

Katika vipindi vilivyotangulia tulizungumza juu ya kuhara, surua na utapiamlo. Leo tunakuja kwa nimonia, ugonjwa ambao wengine huuita kichomi. Nataka nianze kwa swali. Mtoto wako amekohoa usiku kucha na mwili wake una joto. Utajuaje kama ni mafua ya kawaida yatakayopita, au ni nimonia inayoweza kumuua kabla ya siku tatu kwisha?

Jibu ni fupi. Mfunue nguo, mtazame kifua, na uhesabu anavyopumua kwa dakika moja nzima. Pengine umewahi kuona muuguzi akifanya hivyo kliniki, macho yake yakienda kwa kifua cha mtoto na kurudi kwa saa, na wewe ukajiuliza, "Huyu sista anatazama saa kwa sababu anataka kwenda nyumbani?" La. Anampima mtoto. Kipimo hicho kina historia yake, na ndiyo ninayotaka kukusimulia leo. Nimegundua kwamba mama akijua jambo lilikotoka, hulishika zaidi kuliko akiambiwa tu, "Fanya hivi."

Masikio ya daktari

Nimonia si ugonjwa mpya. Waganga wa Ugiriki ya kale, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, waliandika juu ya wagonjwa wenye homa, kikohozi na maumivu ya ubavu. Lakini kwa karne nyingi daktari hakuwa na njia ya kujua yaliyokuwa yakitendeka ndani ya kifua cha mtu aliye hai. Alitazama, aliuliza, alishika mshipa wa mkono. Wengine walibandika sikio juu ya kifua cha mgonjwa.

Mwaka 1816, katika jiji la Paris nchini Ufaransa, daktari mmoja aitwaye René Laennec alikuwa akimpima msichana mwenye matatizo ya moyo. Aliona si adabu kuweka sikio lake juu ya kifua cha msichana yule. Akachukua karatasi, akaikunja ikawa kama mwanzi, akaweka ncha moja kifuani na nyingine sikioni. Alishangaa, kwa maana alisikia vizuri kuliko alipotumia sikio tupu. Hapo ndipo kilipozaliwa kile kifaa ambacho daktari huning'iniza shingoni. Laennec alisikiliza vifua vya wagonjwa wengi, akaandika sauti za kila ugonjwa, na mwaka 1819 akatoa kitabu. Alieleza kwamba mapafu yenye nimonia hutoa sauti ndogo za kukwaruza mgonjwa anapovuta pumzi.

Baadaye wataalamu waliongeza macho juu ya masikio. Mwaka 1895 Wilhelm Röntgen, mtaalamu wa fizikia huko Ujerumani, aligundua miale ya eksirei, na mapafu yakaweza kupigwa picha bila mtu kupasuliwa. Kabla ya hapo, mwaka 1881, Louis Pasteur kule Ufaransa na George Sternberg kule Marekani, kila mmoja kwa wakati wake, walikuwa wamempata kwenye mate ya binadamu bakteria ambaye leo tunajua ndiye msababishi mkubwa wa nimonia, yaani pneumokokasi. Dawa nayo ikafuata. Alexander Fleming aligundua penisilini mwaka 1928 huko London, na katika miaka ya 1940 ikaanza kutumiwa kwa wagonjwa wengi.

Basi kufikia katikati ya karne iliyopita, ilionekana kama kazi imekwisha. Kifaa cha kusikilizia kipo, picha ipo, msababishi anajulikana, dawa ipo. Lakini watoto waliendelea kufa. Kwa nini?

Mtoto yuko kijijini, mashine iko mjini

Msikilizaji, wewe unalijua jibu hata bila kusoma historia. Mtoto anaugua kijijini, na eksirei iko hospitali kubwa. Daktari aliyezoea sauti za mapafu yuko huko huko. Zahanati iliyo karibu ina muuguzi mmoja, au mhudumu aliyefunzwa kwa muda mfupi, na nje kuna foleni ya kina mama hadi chini ya mwembe. Hata aliye na kifaa cha kusikilizia si rahisi akisikie kifua cha mtoto mchanga anayelia. Wataalamu wawili wanaweza kumsikiliza mtoto yule yule, mmoja aseme amesikia sauti ya nimonia na mwingine aseme hakusikia kitu.

Tena, watoto wanaokohoa ni wengi mno. Wengi wao wana mafua tu, na hawahitaji dawa za kuua bakteria. Ukimpa kila anayekohoa dawa hizo, zitaisha, na bakteria watazizoea. Ukimnyima kila mmoja, wachache wenye nimonia watakufa. Ilihitajika njia ya kuwachagua wachache kutoka kwa wengi, njia ambayo hata mhudumu asiye na mashine angeweza kuitumia.

Njia hiyo haikupatikana Ulaya. Ilipatikana katika nchi maskini kama zetu, huko Papua New Guinea, nchi iliyo kaskazini mwa Australia. Nchi ile ina milima mirefu na vijiji vilivyo mbali na barabara, na nimonia ilikuwa ikiua watoto wengi sana. Katika mji wa Goroka, ulioko milimani, daktari wa watoto kutoka Australia aitwaye Frank Shann alifanya kazi na wenzake. Waliwachunguza watoto waliokuwa na kikohozi, wakiandika kwa kila mmoja dalili alizokuwa nazo. Ana homa? Anapumua mara ngapi kwa dakika? Kifua kinabonyea? Kifaa kinasikia nini? Kisha wakalinganisha, wapate dalili iliyotenganisha vizuri wagonjwa wa nimonia na wenye mafua.

Mwaka 1984 walichapisha matokeo katika jarida la Shirika la Afya Duniani. Dalili mbili zilijitokeza. Ya kwanza ni kupumua haraka. Mtoto anayekohoa na kupumua zaidi ya mara 50 kwa dakika huenda ana nimonia, naye apewe dawa ya kuua bakteria. Ya pili ni kifua kubonyea ndani wakati wa kuvuta pumzi. Mtoto huyo alihesabiwa kuwa mahututi na alitakiwa kulazwa. Hakuna mojawapo inayohitaji umeme. Inayohitajika ni saa yenye mshale wa sekunde, na mtu mwenye subira ya dakika moja.

Kwa nini pumzi huenda haraka

Pengine utauliza, pumzi zinajuaje kwamba kuna nimonia? Ngoja nikueleze. Ndani ya mapafu kuna vifuko vidogo sana vya hewa, mamilioni kwa mamilioni. Hewa safi inapoingia humo, oksijeni hupita kwenda kwenye damu. Mtoto akipata nimonia, baadhi ya vifuko hujaa maji na usaha. Oksijeni inayopita hupungua. Zaidi ya hayo, mapafu huwa magumu, hayatanuki vizuri, kama sponji iliyolowa na kuganda. Mtoto hawezi kuvuta pumzi ndefu, kwa hiyo huvuta fupi fupi nyingi ili kufidia.

Ugonjwa ukizidi, pumzi fupi hazitoshi. Mtoto huanza kuvuta kwa nguvu zake zote. Mapafu yanakataa kutanuka, na kwa kuwa mbavu za mtoto bado ni laini, sehemu ya chini ya kifua huvutwa ndani badala ya kutoka nje. Huko ndiko kubonyea kwa kifua. Mtoto wa namna hiyo anafanya kazi ngumu kuliko mtu anayelima, na huwezi kulima usiku na mchana bila kuchoka. Akichoka, ataacha kupumua.

Ile hesabu ya 50 nayo ilisahihishwa. Mtoto mdogo kwa kawaida hupumua haraka kuliko mkubwa, kwa hiyo hesabu moja haiwezi kuwatosha wote. Mwaka 1988 madaktari wa Vellore, kusini mwa India, walionyesha kwamba kwa mtoto aliyepita mwaka mmoja, hesabu ya 40 inatambua nimonia vizuri zaidi. Tangu hapo tuna hesabu tatu, na nitakupa zote kabla hatujaagana.

Hapa Afrika Mashariki nako kazi ilifanyika. Huko Bagamoyo, pwani ya Tanzania, wahudumu wa afya wa vijijini walifunzwa kutambua nimonia kwa dalili rahisi. Walizunguka nyumba kwa nyumba wakiwafundisha kina mama, wakawatibu watoto kwa kotrimoksazoli, dawa ambayo wengi wenu mnaijua kwa jina la Septrin, na wakawapeleka hospitali wale waliozidiwa. Madaktari F. D. E. Mtango na D. Neuvians walichapisha habari za mradi huo mwaka 1986. Vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilipungua. Ilionekana wazi kwamba mtu wa kijijini, akifunzwa vizuri na kupewa dawa, anaweza kuokoa mtoto mwenye nimonia.

Homa, na kosa langu mimi

Sasa tuje nyumbani Kenya, ambako tulikuwa na shida nyingine juu ya hiyo. Shida hiyo inaitwa malaria.

Katika sehemu zetu zenye mbu wengi, kwa miaka mingi mtoto akipata homa, mama anasema malaria, muuza duka la dawa anasema malaria, na mhudumu wa zahanati anaandika malaria. Lakini mtoto mwenye nimonia naye huwa na homa. Mtoto mwenye malaria kali naye anaweza kupumua haraka. Magonjwa haya mawili huvaa nguo moja, na wakati mwingine mtoto mmoja huwa nayo yote mawili. Watafiti waliowachunguza watoto katika hospitali ya Siaya katika miaka ya 1990 walikuta jambo hilo hilo, kwamba dalili za malaria na za nimonia zimeingiliana mno, na kumtibu mtoto ugonjwa mmoja tu ni hatari.

Msikilizaji, nakueleza hayo si kwa kuyasoma tu. Mwaka 2012 nilikuwa mgeni kazini, sijamaliza hata mwaka tangu nipate diploma yangu. Siku moja ya mvua za masika, foleni ilikuwa ndefu na vipimo vya malaria vilikuwa vimeisha. Akaingia nyanya mmoja na mjukuu wake wa kiume, wa miezi tisa hivi, amefungwa ndani ya leso mbili na sweta juu. Mama yake mtoto alikuwa kibaruani. Nikamgusa mtoto kipaji, nikahisi joto. Nikauliza, "Anakohoa?" Akajibu anakohoa, siku ya tatu. Nikaandika malaria, nikampa dawa ya malaria na ya homa.

Yule nyanya hakuinuka. Akaniambia, "Sista, huyu mtoto anahema kama mbuzi aliyefukuzwa." Mimi nikamjibu kwa haraka, "Ni joto la homa, nyanya. Likishuka atapumua vizuri." Akanitazama, akasema, "Haya, mwanangu," akajifunga mzigo wake akaenda.

Asubuhi kabla hatujafungua, walikuwa wamerudi kwa boda boda, mama mtu safari hii yuko pamoja nao. Mtoto hakuweza kunyonya. Ndipo nilipofungua zile leso. Kifua chake cha chini kilikuwa kinaingia ndani kila alipovuta pumzi, na puani palikuwa panatanuka. Nikahesabu, ikafika 72. Tulimpa dozi ya kwanza ya dawa na kumkimbiza hospitali. Alikaa kwenye oksijeni siku nne. Mungu alimsaidia, akapona. Lakini ile siku moja niliyompotezea ilitosha kumuua, na sababu yake ilikuwa dakika moja ambayo sikuitoa, na leso mbili ambazo sikuzifungua.

Nyanya yule hakuwa na diploma. Hakujua habari za Goroka wala za Laennec. Lakini aliiona dalili ile ile ambayo Shann na wenzake waliiandika, na akanitajia. Mimi niliyefunzwa ndiye sikusikia. Tangu siku hiyo, mama au nyanya akiniambia mtoto anahema vibaya, naacha kalamu kwanza.

Kutoka ugonjwa mmoja hadi mtoto mzima

Kosa langu lilikuwa la watu wengi, na ndiyo maana wakubwa wa afya walibadilisha njia ya kufundisha. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitengeneza mpango wa kumwangalia mtoto mgonjwa kwa ujumla. Badala ya mhudumu kuuliza, "Huyu ana malaria au hana?" anatakiwa amwangalie kila mtoto kwa mpangilio mmoja. Kwanza dalili za hatari. Kisha kikohozi na kupumua. Kisha kuhara. Kisha homa. Kisha masikio. Kisha uzito na lishe, na upungufu wa damu. Mwisho kadi ya chanjo. Haruki hata kimoja, hata kama mama amekuja kwa jambo moja tu. Kenya nayo iliupokea mpango huo, na ndio tunaofundishwa na kuutumia hadi leo.

Kilifi nako kulitoka somo kubwa. Mwaka 1995 watafiti wa hospitali ya huko, wakiongozwa na Kevin Marsh, walichapisha uchunguzi wa watoto waliolazwa kwa malaria. Walitaka kujua ni wepi walio katika hatari ya kufa. Wakapata kwamba dalili mbili za kitandani ziliwatambua wengi wa waliofariki. Moja ni kupoteza fahamu au kutozinduka vizuri, na nyingine ni kupumua kwa shida. Tazama basi. Hata katika malaria yenyewe, pumzi za mtoto ndizo zinazosema jinsi alivyozidiwa.

Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza kabla ya kupewa dawa. Kile kipimo kidogo cha tone la damu kidoleni kimetusaidia sana. Lakini kina mtego wake. Kipimo kikisema hakuna malaria, usifurahi ukaenda nyumbani. Uliza, "Kama si malaria, mtoto ana nini?" Na kikisema malaria ipo, bado pumzi zihesabiwe, kwa maana malaria haimzuii mtoto kupata nimonia.

Chanjo nazo zimebadilisha mambo. Mwaka 2001 Kenya ilianza kutoa chanjo ya magonjwa matano, ambayo ndani yake mna kinga dhidi ya bakteria wa Hib anayeleta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Mwaka 2011 ikaongeza chanjo ya pneumokokasi, yule bakteria wa Pasteur na Sternberg. Miaka 130 ilipita tangu aonekane hadi mtoto wa Kenya akingwe dhidi yake katika kliniki ya kawaida. Uchunguzi wa Kilifi uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba magonjwa makali ya aina za pneumokokasi zilizomo katika chanjo yalipungua kwa zaidi ya asilimia 90 kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Hata hivyo nimonia haijaisha. Katika mwaka 2019 huo huo, iliua watoto zaidi ya 700,000 wa umri huo duniani.

Sasa zamu yako

Msikilizaji, historia hii inatuonyesha kwamba kipimo kilianza mikononi mwa daktari wa jiji kubwa, kikashuka kwa muuguzi wa zahanati, kikashuka tena kwa mhudumu wa kijijini. Leo kimefika kwako. Huhitaji cheti. Chukua simu yako, hata ikiwa kabambe, ina saa inayohesabu sekunde. Fanya hivi:

1. Ngoja mtoto atulie. Mtoto anayelia au anayenyonya hahesabiki. Akiwa amelala ni vizuri zaidi.

2. Mfunue nguo, uone kifua na tumbo. Usihesabu juu ya leso.

3. Kila kifua au tumbo linapopanda na kushuka, hiyo ni moja. Hesabu kwa dakika moja kamili. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, kwa sababu mtoto mdogo hubadilisha mwendo wa pumzi. Kama huna hakika, rudia.

4. Linganisha na umri wake:
Mtoto wa chini ya miezi miwili: 60 au zaidi ni haraka mno.
Mtoto wa miezi miwili hadi kumi na mmoja: 50 au zaidi ni haraka mno.
Mtoto wa mwaka mmoja hadi miaka mitano: 40 au zaidi ni haraka mno.

5. Tazama sehemu ya chini ya kifua. Anapovuta pumzi, je, inatoka nje au inaingia ndani?

Mtoto anayekohoa na hesabu yake ikafika hapo, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usingoje homa ishuke kwanza. Huko atapewa dawa, kwa kawaida amoksilini ya vidonge vinavyoyeyuka kwenye maji. Ampe zote kwa siku alizoandikiwa, hata akionekana amepona siku ya pili.

Kifua kikiingia ndani, au mtoto akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, akiwa amelegea hazinduki, au midomo ikigeuka rangi ya samawati, hiyo ni dharura. Nenda usiku huo huo. Na mtoto wa chini ya miezi miwili anayepumua haraka au aliyeacha kunyonya, usimtibu nyumbani hata kidogo.

Tafadhali, usimpeleke mtoto anayekohoa akakatwe kimio. Kukata kimio hakuondoi kitu kilicho ndani ya mapafu, na kunaweza kumletea kutokwa na damu na maambukizi. Pia usinunue dukani dawa nusu dozi kwa sababu jirani alimpa wake akapona. Jirani yako alimhesabu mtoto wake, au alibahatisha?

Ukifika kliniki, sema kwa sauti, "Nimemhesabu, anapumua mara hamsini na nane." Nakuhakikishia, muuguzi yeyote anayejua kazi yake atainua macho. Na kama ana haraka kama nilivyokuwa nayo mimi siku ile, usiinuke kwenye kiti. Mwambie kwa heshima, "Sista, tafadhali mfunue umtazame." Si utovu wa adabu. Ni haki ya mtoto.

Kwa wewe uliyewahi kumpoteza mtoto kwa ugonjwa huu, pole sana. Usijilaumu kwa yale ambayo hukufundishwa. Sisi wenye kazi hii pia tulichukua miaka mingi kujifunza. Mfundishe jirani yako aliye na mtoto mchanga, na utakuwa umefanya jambo kubwa.

Muda wetu umekwisha. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo usiku, mtoto wako akiwa mzima na amelala, mhesabu mara moja ili ujue pumzi zake za kawaida zilivyo. Siku akiugua, utaona tofauti mara moja. Hadi kipindi kijacho, tutakapozungumza juu ya maumivu ya masikio, nakutakia wewe na watoto afya njema. Kwaheri.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini homa peke yake haitoshi kumjulisha mama kwamba mtoto ana malaria?

2. Mwenzenu mmoja alete mtoto wake mwenye umri wa chini ya miaka mitano. Wawili wamhesabu pumzi kwa wakati mmoja bila kuambiana. Je, mmepata hesabu moja? Kama hapana, nini kiliwatofautisha?

3. Katika kijiji chenu, usiku wa manane mtoto akibonyea kifua, atafikaje hospitali? Nani ana chombo cha usafiri, na nani ana namba yake ya simu? Andikeni kabla hamjaondoka.